Mshikadau ni Nani: Aliyeweka Dau au Aliyelishika?

Siku moja nilihudhuria mkutano huko Kipevu, upande wa bara ulio magharibi ya kisiwa cha Mombasa, ulioitishwa kujadili mradi uliokusudiwa kujengwa kando ya maji. Bango lililotundikwa mlangoni lilisomeka kwa herufi kubwa, "Mkutano wa Washikadau". Chini yake paliwekwa meza, na mezani aliketi binti mwenye daftari la mahudhurio. Mbele yangu katika foleni alisimama mzee mvuvi, kikoi kiunoni na kofia kichwani. Binti alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," kisha akamwuliza anawakilisha shirika gani. Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Shirika sina." Binti akaitazama karatasi yake, akauliza tena, "Sasa niandike wewe ni mshikadau wa wapi?" Mzee akageuka, akanyosha kidole kuelekea mikokoni, akasema, "Dau langu lile pale. Kamba nimeifunga mwenyewe."

Tuliokuwa nyuma yake tulicheka, na nakiri kwamba nami nilicheka. Mzee hakucheka. Aliandikwa katika safu ya mwisho ya daftari, ile ya "wengineo", akaonyeshwa kiti cha nyuma, na mkutano ukafungwa saa saba mchana kabla zamu ya viti vya nyuma haijafika. Niliporejea nyumbani ndipo nilipong'amua kwamba mimi, niliyeisomea isimu hadi shahada ya uzamifu, nilicheka mahali ambapo ningetoa kalamu na kuandika. Kwa maana swali la binti yule lilikuwa swali zito la lugha, na jibu la mzee lilikuwa zito zaidi. Mshikadau ni nani? Walimu wenzangu na wanafunzi wetu hulitumia neno hili kila siku katika insha, taarifa na hotuba. Hebu leo tulifungue tuone lina nini ndani.

Tuanze na Waingereza, maadamu ndio waliotuletea kisa. Neno lao 'stakeholder' limeundwa kwa vipande viwili. Kipande cha pili hakina utata: ni mtu ashikaye kitu. Kipande cha kwanza, 'stake', kwa asili ya kale ni mti uliochongwa ncha na kukitwa ardhini. Kufikia karne ya 16 neno hilohilo lilikuwa pia na maana ya mali inayowekwa na wachezaji wa kamari ili aichukue atakayeshinda. Wapo waliokisia kwamba mali hiyo iliwekwa juu ya mti uliokitwa, nao huo ni ukisio tu. Neno zima, lenye vipande vyote viwili, limeonekana katika maandishi mwaka 1708. Je, lilimtaja nani? Lilimtaja mtu wa tatu, asiyecheza, ambaye wachezaji wawili walimkabidhi fedha zao azishike hadi mshindi ajulikane.

Msomaji na alizingatie jambo hilo kabla ya kuendelea. Mshika dau wa kwanza wa Kiingereza hakuwa na hasara wala faida katika mchezo. Yeyote angeshinda, yeye angefungua mkono na kukabidhi. Sifa yake kuu ilikuwa uaminifu, na sifa hiyo ilitegemea kutokuwa na chake ndani ya kapu. Maana hiyo haijafa. Hadi leo mawakili wa hapa kwetu Kenya huitumia mtu anapouza kiwanja: mnunuzi hutoa malipo ya awali, aghalabu asilimia 10 ya bei, nayo hushikwa na wakili kwa niaba ya pande zote mbili mpaka uuzaji ukamilike. Wakili huyo hununui wala hauzi. Anashika tu.

Maana ya pili, ile inayotawala mikutano yetu, ni changa mno. Mwaka 1963 watafiti wa taasisi ya Stanford huko Marekani walilitumia neno hili katika waraka wao wa ndani kuyataja makundi ambayo bila msaada wake kampuni haiwezi kudumu: wafanyakazi, wateja, wauzaji wa malighafi, wakopeshaji na jamii kwa jumla. Walilichagua kwa makusudi kwa sababu sauti yake inakaribiana na neno la Kiingereza la mwenye hisa. Walitaka kuwakumbusha wakuu wa makampuni kwamba mwenye hisa hayuko peke yake duniani. Mwaka 1984 R. Edward Freeman akalieneza wazo hilo katika kitabu chake cha usimamizi wa kampuni, akiwajumuisha hata wale wanaoathiriwa na matendo ya kampuni pasipo wao kuwa na uwezo wa kuiathiri. Tangu hapo neno limesafiri kutoka vyuo vya biashara hadi wizara, mashirika ya misaada, na hatimaye hadi bango la mlangoni pale Kipevu. Katika safari hiyo liligeuka nyuma mbele. Aliyeitwa hivyo kwa kuwa hana chake sasa anaitwa hivyo kwa kuwa anacho.

Kiswahili nacho kilipolipokea kikagawanyika. Wenzetu wa Tanzania walipenda 'mdau', wingi 'wadau'. Sisi wa Kenya aghalabu huandika 'mshikadau', wingi 'washikadau'. Yote mawili yamejengwa juu ya 'dau' lile la mchezo, yaani fedha au kitu kinachowekwa ili kishindaniwe. Neno la karibu na hilo, kwa sauti na kwa maana, limo katika Kifarsi na Kihindi, jambo lisilo la ajabu kwa lugha iliyolelewa bandarini. Ndilo dau tunalosikia likipandishwa mnadani, na ndilo linalowekwa na vijana wanaobahatisha matokeo ya kandanda. Liko mbali na dau la mzee, chombo kidogo cha tanga kilichochongoka omo na tezi. Kamusi huyapa maneno haya mawili namba tofauti, nayo kamusi iko sawa. Mzee aliyachanganya, au labda aliyaunganisha, na nitarudi kwake baadaye.

Kwanza tuyatazame maumbo. 'Mdau' ni kiambishi cha mtu kikatangulia dau, basi. Hakituambii mtu huyo amelifanya nini dau hilo. 'Mshikadau' kinatuambia: amelishika. Nayo lugha yetu ina ukoo mzima wa maneno ya namna hii. Mshika kibendera uwanjani hamiliki mchezo wala hafungi bao, kazi yake ni kuinua kitambaa. Mshika usukani wa gari aghalabu si mwenye gari. Mshika mbili, wasema wahenga, moja humponyoka, na hapo pia hatuelezwi kama hizo mbili ni mali yake au za watu. Kitenzi 'kushika' kinasema kitu kiko mkononi mwa nani. Hakisemi kilitoka mfukoni mwa nani. Kwa hiyo sisi tuliotafsiri kipande kwa kipande tumelichukua umbo lililomfaa yule mtu wa tatu wa mwaka 1708, tukalivisha maana ya mwaka 1984.

Najua nitakavyojibiwa, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeweza kunijibu hivyo: asili ya neno haiwi hakimu wa matumizi yake. Ni kweli. 'Tajiri' kwa Kiarabu ni mfanyabiashara, ilhali kwetu ni mtu mwenye mali nyingi, na katika mitaa ya pwani ni mwajiri hata akiwa na deni shingoni. Hakuna anayetaka kuturudisha nyuma. Hivyo sidai kwamba 'mshikadau' ni kosa, wala simwombi mhariri alifute. Dai langu ni dogo kuliko hilo, na nadhani lina manufaa zaidi. Umbo la neno linatupa swali ambalo matumizi yamelifunika: katika shughuli hii, nani ameweka, na nani ameshika? Tukiuliza hivyo kila tukutanapo na neno hili, tutaona mambo ambayo bango la mlangoni halituonyeshi.

Tuulize basi pale Kipevu penyewe. Ni mahali padogo palipobeba mizigo mikubwa. Gati la mafuta la zamani lilijengwa mwaka 1963, na jipya, lenye uwezo wa kuhudumia meli nne, likazinduliwa mwaka 2022 kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 40. Kituo cha pili cha makasha, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani, kilifunguliwa mwaka 2016. Mitambo ya umeme wa mafuta iko hapohapo. Kando yake wanaishi watu wa Changamwe na Port Reitz, na ndani ya hori wamo wavuvi waliokuwamo kabla ya gati la kwanza. Mkutano ukiitishwa, watakaokuja na kadi za mwaliko ni wasafirishaji, mawakala wa forodha, wakandarasi, mabenki na maafisa wa serikali. Wote hao wana haki ya kuwapo. Kila mmoja ameweka kitu, au ameshika kilichowekwa na mwingine. Benki imeweka fedha, na mkataba wake unasema zitarudi lini na kwa riba gani. Mkandarasi ameweka mashine, nazo mradi ukiisha zitapakiwa melini kwenda kwingine. Afisa ameshika dhamana ya umma. Mzee wetu ameweka nini?

Ameweka maji. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalimwagika kutoka katika meli karibu na gati la Kipevu, yakaifikia mikoko ya Port Reitz. Mikoko ndiyo malezi ya samaki na kamba, na mvuvi wa dau dogo hana injini ya kumpeleka bahari kuu mikoko inapokufa. Hakuna mkataba unaomwambia maji yake yatarudi lini, wala kwa riba gani. Akipoteza, amepoteza pale pale alipozaliwa, na hana meli ya kumpakia kwenda kwingine. Kwa kipimo cha hasara inayoweza kumfika mtu, hakuna katika ukumbi ule aliyeweka dau zito kuliko lake, naye ndiye aliyeandikwa "wengineo".

Hapa pana jambo jingine linalonikera katika sitiari yenyewe. Wapo wazee wa dini wasiolipenda neno hili kwa kuwa limetoka kamarini, na mimi, ingawa sababu yangu ni nyingine, naona wamegusa penyewe. Mcheza kamari huketi mchezoni kwa hiari. Anajua kanuni, anajua kiasi alichoweka, na anaweza kuinuka akaenda zake. Tukiwaita watu wote washikadau, tunasema pasi kutaka kwamba wote waliketi kwa hiari. Mwekezaji aliketi kwa hiari. Mvuvi hakuombwa kucheza, na dau lake liliwekwa mezani na watu wengine. Mtu aliyewekewa dau na wenzake hastahili kuhesabiwa sawa na aliyejiwekea, na neno linalowapa wote jina moja linaifuta tofauti hiyo kwa adabu kubwa.

Maneno yetu ya kazi na biashara yana mazoea ya namna hii ya kuwafunika watu, na historia ya bandari yetu inatufundisha. Chukua 'kibarua'. Ni barua ndogo tu, cheti alichopewa mtu wa kutwa kuthibitisha siku aliyofanya kazi. Taratibu jina la karatasi likamwangukia mwenyewe, hata leo tunasema "yule ni kibarua" bila kukumbuka kwamba tumemwita mtu kwa jina la risiti yake. Chukua 'kuli', neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na mizigo. Walimu wa fasihi wanaijua riwaya ya Shafi Adam Shafi iitwayo Kuli, iliyotoka mwaka 1979, inayohusu maisha ya wapakizi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Majina hayo yote walipewa na wengine. Sasa angalia walivyofanya walipojiita wenyewe. Januari mwaka 1947 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Mombasa, wa bandarini na wa kwingineko, waligoma kwa siku kadhaa wakidai ujira wa kuwawezesha kuishi. Walikutana kila siku katika uwanja ambao wao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Kiongozi aliyepata sauti kubwa baada ya mgomo ule, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo na kuhamishiwa Baringo. Jina la kiwanja lilibaki midomoni mwa watu. Halikumfunika mtu. Lilisema waziwazi ni nani aliyekusanyika na kwa nini.

Linganisha Kiwanja cha Maskini na Mkutano wa Washikadau. Katika jina la kwanza unajua nani ana njaa. Katika la pili hujui hata kama kuna mwenye njaa.

Nisije nikadhaniwa napigana na vivuli vya maneno, nitoe mifano miwili ya karibu ambayo swali la nani ameweka na nani ameshika lilifika mahakamani. Wa kwanza ni wa reli mpya ya kisasa iliyoanza safari zake mwaka 2017. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makasha yanayoingia nchini kupitia Mombasa yasafirishwe kwa reli na kuondolewa ushuru Nairobi. Changamwe na Miritini hazikuwa na haja ya mtaalamu kuzieleza maana ya amri ile. Lori lisipopakia, dereva na utingo wake hawana safari, makanika hana gari la kutengeneza, na wanawake wanaopika chakula kando ya barabara hubaki na masufuria yaliyojaa. Watu wakaandamana Mombasa Jumatatu baada ya Jumatatu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba amri ile ilikiuka Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa, na Septemba mwaka 2022 Rais William Ruto akaelekeza shughuli za kuondoa mizigo zirudishwe Mombasa. Mapatano kuhusu reli yalikuwa na pande zake zilizotajwa na kutia sahihi. Mpishi wa kando ya barabara hakuwa mmoja wa pande hizo, na hata hivyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipa.

Mfano wa pili ni wa Lamu, na huu unamhusu mwenye dau kwa maana zote mbili. Mradi wa bandari mpya ya Lamu ulizinduliwa mwaka 2012. Wakazi wakaenda mahakamani wakilalamika kwamba uchimbaji wa bahari unaharibu uvuvi na mazingira yao, na kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikubaliana nao, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Malipo yenyewe yalichukua miaka mingine ya kuvutana. Linalonivutia mimi kama mwanaisimu ni kwamba kabla ya hukumu wavuvi wale walihesabika kuwa wadau waliokwisha "kuhamasishwa", na baada ya hukumu wakawa wadai wenye kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu. Bahari ilikuwa ileile na watu walewale. Lililobadilika ni jina waliloitwa, na pamoja nalo, wajibu wa aliyewaita.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, inapotaja misingi ya utawala inazungumzia kushiriki kwa wananchi. Nalipenda neno 'mwananchi' kwa sababu halimwulizi mtu amekuja na nini. Ni mwana wa nchi, imekwisha. Haki yake ya kusikizwa imetokana na kuwapo kwake. Mshikadau, kinyume chake, lazima athibitishe kwamba ana dau, na anayekagua uthibitisho huo ni yuleyule aliyeitisha mkutano na kununua daftari la mahudhurio. Ndiyo maana binti yule aliuliza, "Wewe ni mshikadau wa wapi?" Asingeweza kumwuliza mzee yule, "Wewe ni mwananchi wa wapi?" bila kuona haya. Pale ambapo sheria inataka wananchi, ofisi ikaita washikadau, mlango umepunguzwa upana, hata kama hakuna aliyekusudia ubaya.

Insafu inanilazimu niseme na upande wa pili. Neno hili lina wema wake. Lilizaliwa ili kupanua meza ambayo awali ilikuwa ya wenye hisa tu, na katika nchi ambayo kwa miaka mingi miradi iliamuliwa na watu wachache ndani ya chumba kilichofungwa, kule kukubali tu kwamba wapo wengine wanaohusika ilikuwa hatua mbele. Afisa anayeandika barua ya mwaliko naye anahitaji neno moja fupi, hawezi kuorodhesha mji mzima. Binti wa mapokezi hakuwa na kosa lolote. Alikuwa na fomu yenye safu, na mzee hakuingia katika safu. Tatizo linaanza pale neno fupi linapogeuka pazia, mtu akaweza kusema "washikadau wote wamekubaliana" na wasikilizaji wakapiga makofi bila hata mmoja kuuliza ni akina nani, wangapi, na ni yupi miongoni mwao angepoteza nini kama wangekuwa wamekosea.

Basi sisi walimu tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wizara. La kwanza: mwanafunzi anapoandika 'washikadau' katika insha, tumwekee alama pembeni na kumwuliza, "Akina nani?" Na aandike wavuvi, makuli, madereva, wazazi, wenye maduka, mabenki. Insha yake itakuwa ndefu kidogo na ya kweli zaidi. Mtoto aliyezoea kuwataja watu kwa kazi zao akiwa kidato cha pili atakapokuwa afisa hataona taabu kuongeza safu katika daftari la mahudhurio.

La pili: tufundishe tofauti za maneno ya uhusiano wa biashara badala ya kuyamimina yote katika chungu kimoja. Mwenye hisa anamiliki sehemu, na sehemu hiyo inaweza kuhesabiwa. Mbia amekubali kugawana faida na hasara. Mteja anaweza kuhamia duka la pili. Wakala hutenda kwa niaba ya mwingine, na dalali huwakutanisha wawili akachukua ujira wake. Mdhamini hulipa mwenzake akishindwa. Kila neno hapa lina wajibu wake na haki zake, na Kiswahili kiliyapata kwa karne nyingi za kufanya biashara hasa, na wengi, katika bahari hii. Kumwita kila mmoja wao mshikadau ni kuzivunja sarafu zote za mfukoni ili kubaki na noti moja kubwa ambayo hakuna mwenye chenji yake.

La tatu: pale ambapo neno la jumla halina budi kutumika, mimi binafsi nalichagua 'mdau' la wenzetu wa Tanzania. Fupi lake si sababu yangu. Nalichagua kwa kuwa halidanganyi kuhusu mkono. Linasema mtu huyu ana uhusiano na dau, kisha linatuachia kazi ya kuuliza ni uhusiano gani: amelitoa, amelishika, analisubiri, au limetolewa kwake pasi yeye kuulizwa? Walio na hoja ya kulitetea 'mshikadau' na waitoe, nitaisoma kwa hamu. Ila wasiniambie kwamba ni sawa tu kwa kuwa magazeti yameshalizoea. Magazeti, hili likiwamo, huzoea yale ambayo walimu wameyaacha yapite.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Nilisema huenda aliyachanganya madau mawili, huenda aliyaunganisha. Kadiri ninavyozidi kumfikiria ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba alijua alichokuwa akisema. Watu wa pwani wana methali ambayo kila mtoto wa shule ameikariri: dau la mnyonge haliendi joshi. Joshi ni upande utokako upepo, na chombo chenye tanga bovu na mabaharia wachache hakiwezi kukabiliana nao. Tumezoea kuifundisha methali hiyo kama habari ya umaskini kwa jumla. Ukiisoma pale Kipevu, chini ya bango la washikadau, inazisema habari zote mbili kwa mara moja. Chombo cha mnyonge hakiendi joshi, na alichokiweka mnyonge mezani hakihesabiwi, kwa sababu upepo unatoka upande wa wenye kuitisha mkutano.

Methali hiyo ina nyongeza: likienda joshi, ni Mungu kupenda. Siibishii, lakini nadhani Mungu ametuachia na sisi sehemu ya kazi. Kulipa dau dogo nafasi ya kwenda joshi kunaweza kuanza kwa jambo jepesi kama kuanzia viti vya nyuma mkutano utakapofunguliwa, na kumwuliza kila aingiaye swali jingine badala ya lile la shirika lake: "Ukiharibika mpango huu, wewe unapoteza nini?" Mzee yule angekuwa na jibu. Alikuwa ameshalitoa mlangoni, kidole kikiwa kimeelekezwa mikokoni, nasi tulio nyuma yake tukacheka.